Shamba lililotembea: siku tano, Jinja mpaka Ssese na kurudi

Nilirudi Walukuba, kwetu Jinja, Jumapili usiku na miguu imevimba, begi linanuka mukene (dagaa) mpaka leo. Notisi nyingi niliziandika kwenye simu nikiwa ndani ya taksi, kwa hiyo nyingine sizielewi hata mimi mwenyewe, ila picha zipo na zimenisaidia kukumbuka. Walioniuliza "ulipotelea wapi wiki nzima", majibu ni haya.

Yalianzia kwa kaka. Kaka yangu yuko visiwa vya Ssese, ndani ya Ziwa Victoria, zaidi ya miaka kumi sasa, ana mashua mbili za mukene kwenye mwalo mmoja wa wavuvi pale kisiwa cha Bugala, mwalo wenyewe siutaji kwa sababu mambo ya ardhi huko bado hayajatulia. Alinipigia Jumanne saa kumi na moja alfajiri. Hata salamu hakumaliza. "Wewe, kuna kisiwa kimekuja kutuzibia mlango." Nikadhani kalewa. Kumbe.

Jumatano: Jinja – Kampala – Masaka

Taksi ya kutoka Jinja ilijaa saa mbili asubuhi, nikatoa 15,000 (bei zote ni shilingi za Uganda). Tunavuka daraja jipya la Nile, lile lililofunguliwa 2018, dirishani nikageuka kuangalia upande wa bwawa la Nalubaale kama kawaida yangu. Sisi watu wa Jinja hatuhitaji kuelezwa kisiwa kinachoelea ni kitu gani. Tarehe 14 Aprili 2020, katikati ya lokidauni, kimoja kilisukumwa na maji mpaka kwenye mitambo ya umeme pale pale na nchi nzima ikaingia giza. Tulikaa nje na mama usiku ule tunasikiliza redio ya betri, majirani wengine wanasema ni mapinduzi, baadaye ndo ikatangazwa ni majani. Majani bana! Mafunjo na magugu maji.

Mabira nilinunua gonja mbili, ndizi za kuchoma, pale Najjembe na kuku wa kijiti, wale vijana wanakimbilia dirishani kabla gari halijasimama, shika chenji yako kwanza ndo utoe noti. Kutoka Lugazi mpaka Kampala ni jam, sina la kuongeza.

Kampala – Masaka 20,000. Kama haujapita barabara hii tangu 2023, lile daraja la Katonga lililoliwa na maji mwezi wa tano mwaka ule, mpaka watu wakawa wanazungushwa kwa Mpigi na Sembabule, sasa linapitika vizuri tu. Mbele kidogo ndo Lwera, bonde la maji kushoto na kulia, na wauza samaki wamening'iniza ngege (sato) na mamba (kamongo) kwenye vijiti. Mama mmoja pembeni yangu alinunua mamba mzima, yule samaki mrefu kama nyoka, akamweka chini ya kiti, na samaki hakuwa amekufa vizuri. Mpaka Lukaya tulikuwa tumeinua miguu taksi nzima.

Nililala Nyendo, chumba 30,000, neti ina tundu la kupitisha kichwa. Ushauri kwa mtakaokuja: ukitaka kwenda visiwani kwa njia hii usiingie Masaka mjini, shukia Nyendo, taksi za Bukakata zinapakia hapo hapo.

Alhamisi: Bukakata – Luuku – mwaloni

Nyendo mpaka Bukakata nilitoa 10,000, barabara ni lami siku hizi, zamani ilikuwa vumbi la kukubadilisha rangi. Feri ya kwenda Luuku ni bure, narudia, bure, ukiambiwa ulipie tiketi ya abiria ujue unaliwa. Shida ni foleni ya malori ya mafuta ya mawese, na siku hiyo upepo ulikuwa mbaya tukasubiri karibu masaa matatu. Hapo nikakutana na afande mmoja aliyekuwa anarudi kazini, akanisikia naongea Kiswahili kwenye simu akacheka: "Wewe ni mjeshi au mwizi?" Huo utani wetu wa Uganda mnaujua, kwamba Kiswahili ni cha wanajeshi na wezi. Nikamwambia mimi ni wa Walukuba, huko tunazaliwa nacho. Akaninunulia chai na chapati mbili, akakataa pesa yangu kabisa. Kwenye feri akanionyesha nguzo za zamani za gati, ncha tu zinaonekana. "2020 hapa tulikuwa tunashuka kwa mbao," akasema, "gari linasimama ndani ya maji."

Kutoka Luuku mpaka Kalangala mjini taksi 10,000, michikichi upande huu na upande ule mpaka macho yanachoka. Halafu boda mpaka mwaloni, jamaa akaanza na 25,000 eti mafuta yamepanda, tukamalizana 15,000 na bado alininunia njia nzima.

Nilifika jua linashuka. Kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa kisiwa bali moshi. Nguzo ya moshi mweusi imesimama juu ya ziwa, ndefu kuliko mti wowote, inapindapinda. Nikamuuliza shemeji nani anachoma nini huko majini. Akacheka. "Hao ni sami, funga mdomo." Ni wadudu, inzi wadogo wa ziwani, wanatoka majini kwa mamilioni na hasa mwezi ukiwa mwandamo, usiku wa giza. Baada ya dakika kumi upepo ukawaleta na sikuona tena kitu, wako puani, wako kwenye chai, shemeji akazima taa zote akaacha moja mbali nje na beseni la maji chini yake. Asubuhi beseni lilikuwa na tope la inzi, kuku wakalimaliza.

Ijumaa: kisiwa chenyewe

Niliamka nikakiona sasa vizuri. Mwalo wa kina kaka umekaa kwenye ghuba ndogo kama sahani iliyovunjika upande mmoja, na pale palipovunjika ndo pa kutokea mashua. Kisiwa kilikuwa kimejaza pale pote. Ukubwa wake kama uwanja wa mpira ukiongeza na mahali pa kukaa watazamaji. Mafunjo yamesimama marefu kunipita, matete, magugu maji yenye maua ya zambarau yamekizunguka kama shanga, ndege weupe wamejipanga juu utadhani wako kwao toka enzi. Kenge mmoja alikuwa anaota jua pembeni, hana habari na mtu.

Ndani, mashua zaidi ya ishirini zimefungiwa. Na hapa ndo muelewe hasira za watu. Mukene wanavuliwa kwa taa, usiku wenye mbalamwezi taa haina maana, kwa hiyo watu wa mukene wanaishi kwa kuhesabu giza. Giza ni wiki mbili hivi, halafu unakaa. Kisiwa kiliingia giza ndo linaanza. Kaka alikuwa amepoteza usiku nne tayari, na baria wake, wale vijana wa kazi, wanakula kwake kila siku, samaki waingie wasiingie.

Kwa hiyo asubuhi ile ilikuwa ni kukata. Wanapanda na panga, wanakata mapande kama unavyokata keki, wanafunga kamba, mashua tatu zenye injini ya 40 zinavuta kwenda nje. Pande moja masaa mawili. Na pande likitoka, mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, unalirudisha. Mzee mmoja alikaa chini ya mti anawaangalia, mzee wa Kisamia lakini Kiswahili chake kama cha Mombasa, akaniambia: "Kimeletwa na upepo wa mchana, kitaondolewa na upepo wa usiku. Wanachoma petroli bure."

Niliomba nipande. Kaka akasema uvae gambuti, kuna nyoka, na mguu usiutue kwa nguvu. Kusimama pale ni kama kusimama juu ya godoro la maji: unakanyaga, panashuka taratibu mpaka kwenye goti, maji ya uvuguvugu yanapanda, halafu mbele yako hatua tatu majani yanainuka kidogo kama kuna mtu kageuka usingizini. Chini hakuna udongo. Ni mizizi tu imesukana, myeusi, inanuka kama maji ya vase ya maua yaliyosahauliwa.

Halafu katikati nikakuta magimbi.

Siyo yaliyoota yenyewe. Yamepandwa, mistari mitatu, imenyooka. Kuna na kishina cha mchaichai. Na kwenye kona vijiti vinne vimezungushiwa neti kuukuu ya mbu, ya bluu, ile ya bure ya serikali, imefungwa mafundo mawili mawili kuzuia kuku. Nilisimama hapo nikakosa la kusema. Mtu mahali fulani alikuwa ameamka asubuhi akakuta shamba lake halipo.

Jioni baria wawili wakatoka na gunia la magimbi, shemeji akachemsha, tukala na mukene wa karanga. Chakula kizuri kuliko vyote safari nzima, siwezi kudanganya.

Jumamosi: kikao, jiwe, na mwenye shamba

Chemani wa LC, yaani mwenyekiti wa baraza la mtaa, aliita kikao saa nne kuhusu kisiwa, lakini kwa sababu watu wameshakaa pamoja, wakaingia kwenye mambo ya ardhi. Hili ndo jambo kubwa la huko kuliko hata samaki.

Iko hivi. Maji mengi ya ziwa letu, kama asilimia 80, ni mvua inayodondoka juu yake lenyewe, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Nile, kwetu Jinja. Mvua za mwisho wa 2019 zilipoungana na za 2020, ziwa likapanda mpaka likaipita alama ya 1964, mita 13.41 kwenye kipimo cha Jinja, ambayo watu walidhani haitafikiwa tena. Kwetu Masese nyumba ziliingia majini. Huku kaka alipoteza banda lake la kwanza na choo. Akajenga juu. 2024 maji yakapanda tena, akahama tena. Sasa yamerudi nyuma kiasi na ardhi imetokea, nyeusi, nzuri, na kila mtu anasema ile ilikuwa yangu.

Na sheria inasema mita 200 kutoka ufukweni usijenge. Kijana mmoja akasimama kikaoni akauliza, "Mita 200 kutoka wapi? Kutoka maji ya 2019, ya 2020 au ya leo asubuhi?" Watu wakapiga makofi. Chemani akasema swali limeandikwa. Niliona daftari lake, hakuwa ameandika.

Yule mzee wa Kisamia akanichukua baadaye kunionyesha jiwe nyuma ya mabanda, jiwe kubwa la kijivu. Lina alama za rangi ya mashua, nyekundu ya 2020, na ya 2024 nyeupe. Halafu akapangusa ukoga chini kidogo ya ile nyekundu, kuna mkwaruzo wa patasi, mfupi, kama urefu wa kidole. Alipofika hapa aliukuta, na aliowakuta walimwambia ni wa maji yaliyokuja na uhuru. Akaweka kidole gumba chake ndani ya ule mkwaruzo, ukakaa sawasawa. Akaniambia visiwa hivi vyenyewe vilishawahi kuwa vitupu, mwanzoni mwa miaka ya 1900 Waingereza waliwahamisha watu wote kwa sababu ya malale, waliorudi walirudi wachache na wengine wote ni kama yeye na kaka yangu, wa kuja. "Hapa mwenyeji ni maji," akasema, halafu akaniomba sigara. Sivuti, nikampa 2,000.

Mchana, watu wakiwa bado wanabishana, ikaja mtumbwi wa makasia na mama mmoja peke yake, wa makamo, kitenge kimefungwa kifuani, ametokea mwalo wa upande wa pili wa rasi. Akaufunga mtumbwi kwenye kisiwa, hakusalimu mtu, akapanda, akatembea moja kwa moja mpaka katikati kwa miguu mitupu, hazami. Kuzama tulizama sisi. Tukamwona ameinama kwenye ile neti ya bluu.

Aliporudi akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Magimbi yangu mmekula?"

Kimya. Mimi niliangalia chini maana nilikula bakuli mbili.

Baria mmoja akajitia ujanja, akasema utajuaje ni yako, majini hakuna shamba. Mama akamjibu bila kumwangalia: neti nimeifunga mafundo mawili mawili, nenda kahesabu, na mstari wa tatu nimerudia kupanda kwa sababu nguruwe wa jirani alifukua, utakuta yale ni madogo. Mtu akatumwa. Ni kweli.

Basi kikao kikaanza upya. Wengine wakasema kisiwa kimetutia hasara, magimbi ni fidia. Wengine, mwanamke kalima kwa jasho lake. Kaka yangu, ambaye amepoteza mabanda mawili kwa hili ziwa, alisimama nikadhani ataongea kwa wale wa fidia maana yeye ndo alikuwa na hasira kuliko wote. Akasema mpeni mama magimbi yake. Kilichobaki waliokata wachukue robo kwa kazi ya mikono, majani achukue mwenye mbuzi. Hakueleza zaidi, akakaa. Chemani hili aliliandika.

Nikasaidia kubeba magunia mpaka kwenye mtumbwi. Mama akaomba nimpige picha akiwa amesimama shambani kwake katikati ya ziwa, akairekebisha kitenge kwanza, nikapiga tatu nikazituma kwa simu ya mwanawe. Hakutaka kucheka kwenye picha. Kisha akanipa magimbi matatu, mkubwa kati yake kama kichwa cha mtoto, na shemeji akapewa mchaichai. Nilimuuliza sasa atalima wapi. Akasema pale pale, ukingo mwingine umebaki.

Usiku shemeji alinisimulia mambo ya mputa (sangara) waliokufa, mwisho wa 2020 na Januari 2021, wakubwa wakubwa wanaelea matumbo juu mpaka harufu ikafika barabarani, watu wakisema ni sumu, hakuna anayenunua hata samaki mzima mzima. Wizara ilikuja kusema ni hewa ya oksijeni iliyopungua majini baada ya dhoruba kukoroga maji ya chini na ya juu. Yeye anaamini hivyo sasa, wakati ule hakuamini. Ila tangu hapo akiona maji yamebadilika rangi hanunui samaki siku hiyo.

Jumapili: Lutoboka – Nakiwogo – nyumbani

Kurudi nilitaka meli, nimechoka na taksi. Meli ya Lutoboka inaondoka saa mbili asubuhi, kwa hiyo saa kumi na moja nilikuwa kwenye boda gizani, 12,000, dereva mwingine, mstaarabu, akanipa koti lake. Tiketi ya daraja la pili 10,000. Fika mapema upate kiti cha dirishani upande wa kushoto, na beba chakula chako, soda ya melini bei yake ni ya ndege. Na ukitoka Entebbe kwenda, inaondoka Nakiwogo saa nane mchana, lakini siku za upepo usimwahidi mtu saa ya kufika.

Masaa matatu na nusu majini. Nililala nusu, nusu nikahesabu visiwa vinavyoelea, vidogo vidogo, kama meza, kama kitanda, vingine vina ndege mmoja. Mtoto wa jirani yangu kila akiona kimoja anauliza kama kina mtu.

Nakiwogo boda mpaka mjini Entebbe 2,000, taksi mpaka Kampala 5,000, Kampala – Jinja 15,000 tena. Jumla ya nauli na kulala, kwenda na kurudi, ni 144,000, chakula hujaweka, na huo usiku mmoja tu wa kulipia, zingine nililala kwa kaka.

Jumanne kaka akanitumia sauti. Kisiwa kimeondoka usiku wa Jumapili, upepo wa nchi kavu na mvua kubwa, asubuhi mlango uko wazi kama hakikuwahi kuwepo, kimeondoka na nyavu zake mbili na panga la baria. Jioni ile ile wakapigiwa simu na mwalo mwingine wa kaskazini, kimewafikia, wanauliza sisi tulikikata vipi. Giza limebaki siku sita.

Yale magimbi niliyopewa, mama yangu aliyachemsha mawili. Akasema yanawasha kidogo kooni, ya majini hayo, lakini alimaliza sahani. La tatu amelipanda nyuma ya bafu.